Roboti kusoma hisia si kuwa na hisia
Juzi barazani Mji wa Kale, kahawa mkononi, jamaa akashikilia ati sikuhizi kuna roboti zinahisi huzuni na furaha kama sisi, na wengi wakamkubalia. Hapana jamani. Hii kazi ya mashine kusoma hisia ilivuma kwa profesa Rosalind Picard wa chuo cha MIT kule Marekani, mhandisi wa umeme, alipotoa kitabu chake mwaka 1997, na sehemu kubwa ya alichotaka ni kompyuta itambue dalili za hisia zetu: uso ulivokunjwa, sauti ilivopanda, moyo unavodunda, jasho la ngozi. Mashine yachukua hizo namba, yalinganisha na mifano iliyofunzwa halafu yakisia, basi. Hata Kismet, roboti ya Cynthia Breazeal wa hapo hapo MIT, masikio na nyusi zilikuwa zachezeshwa na programu, ndani hamna huzuni.

Na huko kukisia kwakosea, manake jasho la Mombasa mwezi wa pili ukishuka feri Likoni saa saba mchana ni joto tu si wasiwasi, na mtu matangani aweza kukupokea kwa tabasamu na moyo wamuuma. Mamangu alikuwa hivo siku tulomzika babu, sisi tulomzoea ndo tulijua.