Je, wajua kwa nini anwani za tovuti za zamani huwa na mikia ya ajabu?

Fungua tovuti binafsi ya miaka ya 1990, kisha tazama anwani yake. Huenda ukakuta kitu kama /~juma/picha2.htm. Hicho kiwimbi (~) kilitoka kwenye kompyuta zenye mfumo endeshi wa Unix, ambako ni kifupi cha folda ya nyumbani ya mtumiaji. Mkia wa .htm nao ni urithi wa DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za zamani, ulioruhusu jina la faili lisilozidi herufi nane na mkia usiozidi herufi tatu. Baadaye zikaja .php na ?id=47: sasa ukurasa unaundwa na programu pale unapoombwa, na 47 ni namba yake kwenye hifadhidata.

Shida ni kwamba mikia hii inataja chombo kilichotumika, wala haisemi habari iliyomo. Siku mwenye tovuti akihamia programu nyingine, anwani zake zinakuwa uongo, au zinakufa kabisa. Ndiyo maana wengi huamua kuzisafisha, /makala.php?id=47 ikawa /kupanda-miti.

Kubadili jina ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye viungo vya zamani, ambavyo watu wameshavihifadhi, wametumiana kwa barua pepe, na vingine vimechapwa vitabuni. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri hazibadiliki. Kusema ni rahisi!

Ukilazimika kubadili, dawa ni msimbo 301. Kivinjari kikiomba anwani ya zamani, seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, hujibu kwa namba hiyo kwamba ukurasa umehama kabisa na kutaja ulikohamia; kivinjari kinakwenda huko chenyewe, msomaji hata hajui. Injini za kutafuta nazo hurekebisha kumbukumbu zao. Ila vivinjari huikariri 301, kwa hiyo ukikosea, kosa linaweza kubaki kwa wasomaji hata baada ya kulisahihisha kwenye seva. Mimi ningejaribu kwanza na 302, inayosema ukurasa umehama kwa muda tu.

Wapo wanaoelekeza kila anwani ya zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Huko ni kumtupa msomaji mlangoni ajitafutie mwenyewe. Kila ukurasa uelekezwe kwa mrithi wake, kwa ruko moja bila kupitia anwani nyingine katikati, na uliofutwa kwa makusudi upewe msimbo 410, yaani umeondolewa na haurudi.