Tundu la moyo lisipoeleza kila kitu

Nikiitwa wodi ya moyo, mara nyingi swali huwa moja: mtoto ana tundu, lakini mbona anaumwa kuliko tundu lenyewe? Mimi hushughulika na magonjwa ya kurithi ya umetaboli, yale ambayo mwili umekosa kimeng'enya fulani (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) na kazi ya kugeuza chakula kuwa nguvu inakwama njiani.

Ubaya wa tundu la moyo ni kwamba linajibu maswali upesi mno. Likishaonekana kwenye kipimo, kila kitu hubandikwa hapo. Hanyonyi vizuri? Moyo. Anahema haraka? Moyo. Haongezeki uzito? Moyo. Na mara nyingi ni kweli, ndiyo maana tunanaswa. Laktati, asidi inayojikusanya katika damu seli zikikosa oksijeni au zikishindwa kutengeneza nguvu, ndiyo hunikosesha usingizi. Baada ya upasuaji hupanda, kisha tunatarajia ishuke damu inapozunguka vizuri. Isiposhuka ilhali miguu ina joto na mkojo unatoka, yaani damu inazunguka vizuri, nashuku umetaboli: nataka amonia (taka ya protini), ketoni (nishati ambayo mwili hutengeneza kutokana na mafuta) na asidi za kikaboni kwenye mkojo zipimwe siku hiyohiyo.

Kuna mtoto ambaye mwili wake hauwezi kuchoma mafuta. Anaweza kuonekana hana neno hadi siku ya upasuaji. Anazuiwa kunyonya, ratiba inasogezwa, saa zinapita. Mwingine akiishiwa sukari huhamia kwenye mafuta. Huyu hana pa kuhamia. Sukari inashuka, na ketoni, ambazo zingepaswa kupanda, karibu hazipo. Kinga yake ni dripu ya glukosi ya asilimia 10 inayoanza pale anapoacha kunyonya. (Wapo wachache, kama wenye upungufu wa kimeng'enya cha pairuveti dihaidrojenesi, ambao glukosi nyingi huwapandishia laktati. Kwa hiyo laktati hupimwa tena dripu ikishaanza.)

Jambo ninalolirudia hadi wenzangu wamenichoka: chukueni tone la damu ya kisigino kabla mtoto hajaongezewa damu. Kimeng'enya tunachokipima katika galaktosemia, ugonjwa wa kushindwa kutumia sukari iliyomo kwenye maziwa, kimo ndani ya chembe nyekundu. Ukishamwekea damu ya mtu mwingine, majibu utakayosoma ni ya aliyechangia.

Wakati mwingine ugonjwa mmoja ndio umeleta yote mawili, kasoro ya moyo na shida ya umetaboli. Katika sindromu ya Smith-Lemli-Opitz mwili hushindwa kukamilisha kolesteroli, na moyo wa mtoto unaweza kuumbika vibaya tangu tumboni. Mimi hutazama miguu kwanza: kidole cha pili na cha tatu mara nyingi vimeungana kwa ngozi. Ugonjwa wa Pompe ni habari nyingine, kwani hapo shida ni misuli ya moyo iliyonenepa, na tangu 2006 ipo dawa ya kumrudishia mtoto kimeng'enya anachokosa. Na kuna mama mwenye fenilketonuria, ambaye mwili wake hauwezi kuvunja fenilalanini, sehemu mojawapo ya protini ya chakula: fenilalanini hiyo ikiwa juu katika damu yake wakati wa ujauzito, huvuka kondo la nyuma na kuharibu moyo wa mtoto ambaye yeye mwenyewe huenda hana ugonjwa huo.

Wazazi, kama mliwahi kumpoteza mtoto mchanga bila kuambiwa sababu, au ninyi wawili mna undugu wa damu, mwambieni daktari kabla ya upasuaji, hata kama hajauliza.