Theluji imeyeyuka, mtoto anataka nje: maswali ya wazazi wa Maine

Huku Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, kabla majani hayajachipua kuna kipindi ambacho wenyeji wenyewe wanakiita majira ya tope. Ni Machi na Aprili: theluji inayeyuka, njia zinalowa, na mtoto aliyejifunza kutembea Desemba ndani ya sebule ya ghorofa ya tatu sasa anasimama dirishani kutwa akipiga kioo. Portland na Lewiston zina familia nyingi za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaozungumza Kiswahili, na mimi huwasindikiza akina mama kliniki kama mkalimani. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka, kuhusu watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Majibu ni ya wauguzi na madaktari wa watoto. Maneno ya pembeni ni yangu.

Bado kuna baridi. Upepo hautamwingia kifuani akapata nimonia?

Nimonia na mafua huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo hustawi zaidi kwenye chumba kilichofungwa madirisha, watu sita wakivuta hewa ile ile, kuliko uwanjani. Baridi ya kuogopa ni ya mtoto aliyelowa. Mvike nguo nyembamba mbili tatu zilizopandana, buti za mpira, na ubebe soksi na suruali ya kubadilisha.

Usipime kwa kumshika mikono, maana mikono ya watoto hupoa haraka. Ingiza vidole nyuma ya shingo, ndani ya kola. Kukiwa na joto, yuko sawa. Kukiwa na jasho, umemfunga kama mzigo wa kupeleka posta, na akina mama wa kwetu tunalifanya hilo sana.

Jaketi nene livue kabla ya kumfunga mikanda kwenye kiti chake cha gari. Gari likigonga, jaketi linabonyea na mikanda inabaki imelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa jaketi lenyewe au kitenge.

Acheze nje kwa muda gani?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa umri huu auchangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku. Si kwa mkupuo; robo saa hapa, nusu saa pale, hata kupanda ngazi za ghorofa kunahesabiwa. Mwongozo huo huo unataka mtoto wa mwaka mmoja asipewe simu wala televisheni kabisa, na wa miaka miwili na kuendelea isizidi saa moja.

Kupe wa hapa ni wale wa ng'ombe tunaowajua?

Hapana, na hapa naomba tukae kidogo. Kupe tuliowazoea nyumbani unawaona kwa macho wakiwa wamevimba kwenye sikio la ng'ombe. Kupe wa hapa anayeambukiza ugonjwa wa Lyme, ambao huletwa na bakteria, hukaa kwa panya na paa wa msituni, na akiwa mdogo, hasa kuanzia Mei hadi Julai, ukubwa wake ni kama mbegu ya mchicha. Haumi kwa maumivu. Mtoto hatalia, wala wewe hutajua. Wakubwa wao huamka mapema zaidi, mara tu hali ya hewa inapopita nyuzi 4 hivi za Selsiasi, kwa hiyo usisubiri kiangazi ndipo uanze kukagua.

Huwa hawaruki wala hawadondoki kutoka juu. Wanangoja kwenye ncha za nyasi ndefu na majani makavu ya mwaka jana, wakidandia kinachopita. Mtoto acheze katikati ya uwanja uliofyekwa, mbali na ukingo wa msitu. Suruali yake ichomekwe ndani ya soksi, hata kama kaka zake watacheka.

Mkirudi, nguo ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa dakika 10, joto la juu, kisha mtoto aoge. Wakati wa kuoga ndipo unapokagua: nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kinenani, nyuma ya magoti, na kichwani. Mwenye nywele zilizosukwa ni rahisi kuliko unavyodhani: pitisha kidole polepole kwenye kila mstari wa msuko, kuanzia paji la uso hadi kisogoni. Ukikuta kijipele kigumu ambacho jana hakikuwepo, washa taa ya simu uangalie kama kina miguu.

Ukimpata ameng'ang'ania, chukua kibano chenye ncha nyembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja juu bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa, wala Vaseline, wala kumchoma kwa kiberiti. Hayo yote yanachelewesha tu. Osha mahali hapo kwa sabuni, andika tarehe. Kwa kawaida kupe huhitaji kushika kwa zaidi ya saa 24 ndipo aambukize Lyme, na ndiyo maana ukaguzi wa kila jioni una thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua.

Kisha mwangalie mtoto kwa siku 30. Homa, uchovu, au doa linalopanuka siku hadi siku: mpeleke kwa daktari na umwambie kuhusu kupe. Picha nyingi za doa hilo zimepigwa kwenye ngozi nyeupe, ambapo linaonekana jekundu. Kwenye ngozi yetu linaweza kufanana na jeraha la kugongwa. Usikubali kuambiwa "ameanguka tu" kabla hujasema neno kupe. Ugonjwa huu hutibika kwa antibiotiki, vizuri zaidi ukiwahiwa.

Na dawa ya kufukuzia wadudu?

Zenye DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, isiyozidi asilimia 30 huruhusiwa kwa mtoto aliyepita miezi miwili. Paka kwanza mikononi mwako, ndipo umpake yeye, ukiruka viganja vyake, macho na mdomo. Ile ya mafuta ya mkaratusi wa limau, ingawa inauzwa kama kitu cha asili, si ya watoto chini ya miaka mitatu.

Mwezi wa Mei niliona usubi. Atapofuka?

Aliyetoka Kongo ana haki ya kuuliza. Usubi wa Maine huuma, huvimbisha na hukera, lakini upofu wa mtoni, ule unaoenezwa na usubi wa kwetu, hauenezwi huku. Kofia na mikono mirefu vinatosha.

Viwavi ndio wa kukwepa. Kuna nondo wa mkia wa kahawia ambaye kiwavi wake ana madoa mawili mekundu mgongoni, kuelekea mkiani, na hupenda mialoni na miti ya matufaha. Vinyweleo vyake huwasha kama upupu, na huweza kubana kifua. Mahali walipo wengi, kuanzia Mei hadi Julai usianike nguo nje.

Mwanangu anakula udongo. Kwetu tulikula, tukakua.

Ule wa kwetu haukuwa chini ya dirisha la nyumba iliyopakwa rangi yenye madini ya risasi. Rangi hizo zilipigwa marufuku kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za Lewiston tunazopanga zilijengwa zamani kabla ya hapo. Rangi inabanduka, inaanguka kwenye udongo wa kando ya ukuta, na theluji ikiyeyuka udongo huo unakuwa wazi, umelainika, unavutia vidole. Risasi huathiri ubongo wa mtoto bila kumfanya aonekane mgonjwa.

Mtoto asicheze kando ya ukuta wa nyumba. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula chochote. Viatu vibaki mlangoni, desturi ambayo tumekuja nayo na hapa inatufaa kweli. Sheria ya Maine inataka kila mtoto apimwe damu kwa risasi akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2; kliniki ikisahau, kumbusha.

Kuteleza naye akiwa mapajani, kwenye ubao wa kutelezea wa uwanja wa watoto, si salama zaidi?

Ni kinyume. Mguu wake hukwama pembeni huku uzito wako ukiendelea kushuka, na mfupa wa muundi huvunjika. Ateleze peke yake kwenye ubao mfupi, wewe ukisimama pembeni.

Muda wa kurudi anajitupa chini na kulia.

Umri huo haujui "twende" ya ghafla. Mpe kazi: abebe jiwe lake hadi nyumbani. Jaketi la binti wa jirani yangu lina kokoto kumi na moja mfukoni, na kila moja, ukimuuliza, ni mtoto wake. Ziosheni, kisha zilale mlangoni pamoja na viatu.