Dimbwi sio maji ya ardhini, tuyatenganishe jameni

Kila mahali hapa Nairobi wakitaka kuinua ghorofa mpya, kwa mkutano wa wakaazi lazima mtu asimame aseme "hapa kiwango cha maji ya ardhini kiko juu sana, si mnaona venye mvua ikinyesha panajaa." Injinia wa developa anajibu, "msijali, tutaweka mtaro mkubwa," watu wanaridhika wanaenda nyumbani. Yaani lalamiko ni la maji mengine, ushahidi ni wa maji mengine, na kilichojibiwa ni ule ushahidi peke yake. Hii imenichosha.

Kiwango cha maji ya ardhini ni ile kina ambayo ukiifikia unapata udongo ama mwamba umejaa maji kila mwanya, kiasi kwamba ukiacha shimo wazi maji yanajikusanya yenyewe na kutulia hapo. Kinapanda baada ya mvua ndefu, kinashuka kiangazi. Sio ziwa, sio mto unapita chini ya ploti yako.

Sasa tuje kwa dimbwi. South C, Embakasi, mpaka kule Syokimau, kuna ule udongo mweusi wa kunata viatu. Januari umepasuka mipasuko unaweza ingiza mkono, mvua ikianza maji yanazama humo, udongo unafura, mipasuko inajifunga, na kutoka hapo maji hayana pa kupitia, yanakaa tu juu hata wiki. Chukua jembe uchimbe kando ya hilo dimbwi, mara nyingi hutaenda mbali kabla upate udongo mgumu ambao maji hayajaufikia. Kumbe yamesimama kwa sababu yameshindwa kushuka, na kiwango cha maji ya ardhini chenyewe kinaweza kuwa chini kabisa. Hayo ni maji ya juu, na dawa yake kweli ni mtaro, bora uwe na mahali pa kumwaga, sio ule unaishia kwa geti ya jirani. Hata mafuriko ya 2024 yaliyobeba nyumba za watu Mathare yalikuwa maji ya juu, mto ulijaa ukatoka kwa njia yake.

Maji ya ardhini yana tabia tofauti. Shuka besmenti ya jumba refu upande wa Kilimani ama Westlands Julai, wakati mvua imeshasahaulika, na kuna zile utakuta kashimo kwa kona, pampu inanguruma, na maji safi kabisa yanachuruzika pale ukuta unapokutana na sakafu. Upande huo udongo ni mwekundu, unapitisha mvua vizuri, lakini chini yake kuna mwamba, na pale mwamba unapokataa maji yanatembea kando kando kufuata mteremko. Ukisimamisha ukuta wa besmenti kwa njia yake yanatafuta pengine pa kupita, na inaweza kuwa ni kwa septiki ya jirani. Mtaro wa barabarani uko juu huko, utayasaidia nini?

Halafu kuna wale wanaleta habari ya visima virefu hapo hapo, ati developa akichimba chake basi dimbwi litakauka. Haliwezi. Visima hivyo vinaenda mita 200, 300, vinapita matabaka ya mawe ya volkeno, na maji yake mengi yaliingia ardhini kule juu magharibi, pande za Ngong, Kikuyu na Limuru. Yamekuwa yakishuka miaka mingi kwa sababu tunavuta kuliko yanavyojazwa, kwa hivyo wa kuwa na wasiwasi ni jirani mwenye kisima kirefu kama hicho, na aulize kuhusu kibali cha WRA, ile mamlaka ya rasilimali za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016. Hoja nzito, lakini ni hoja yake peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu la mtaro linaweza hata kuongeza shida. Ukifunika ploti nzima na kabro na zege, mvua iliyokuwa inazama inakimbizwa yote nje, dimbwi lenu limeisha sawa, lakini visima vifupi vinapata maji kidogo na wanaokaa chini ya mteremko wanapokea yote kwa nusu saa.

Kwa hivyo mkiandikia NEMA, ile mamlaka ya mazingira, maoni kabla mradi upate leseni, na hiyo ni haki yenu chini ya sheria ya mazingira ya 1999, tenganisheni maswali. Kuhusu dimbwi: mtaro utamwaga wapi, na huko mwisho unatosha? Kuhusu maji ya ardhini: besmenti inashuka kina gani, mashimo ya majaribio yalipata maji mita ngapi, na yalipimwa mwezi gani, maana kipimo cha Februari bila cha Mei hakiwaambii maji yatafika wapi mvua ikikolea.