Je, wajua kwa nini filamu ya Rafiki ilionyeshwa Kenya kwa siku saba tu?

Mwishoni mwa Septemba 2018, wakazi wa Nairobi walijaa katika sinema za jiji kuitazama filamu ambayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilikuwa imeipiga marufuku tangu Aprili. Wiki moja ilipokwisha, marufuku ikarejea. Mtu angeweza kudhani kwamba mahakama iligawa haki nusu kwa nusu ili kila upande uridhike, lakini idadi ya siku haikutokana na sheria yoyote ya Kenya: ilitokana na kanuni za tuzo za Oscar.

Kanuni hizo ziliitaka filamu inayowania tuzo ya lugha ya kigeni iwe imeonyeshwa katika nchi yake, kwenye sinema za kibiashara, kwa muda usiopungua siku saba mfululizo, na mwisho wa msimu ule ulikuwa tarehe 30 Septemba. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba uhuru wake wa kujieleza umekiukwa, na tarehe 21 Septemba Jaji Wilfrida Okwany akasimamisha marufuku kwa muda huo, kwa sharti kwamba watazamaji wawe watu wazima.

Kahiu hakuwa mgeni katika kazi hii. Filamu yake From a Whisper, inayohusu majeraha yaliyoachwa na shambulio la bomu la 1998 katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, ilimpatia tuzo ya mwongozaji bora katika Africa Movie Academy Awards za 2009. Kisha akaandika na kuongoza Pumzi, filamu fupi kuhusu dunia iliyokaukiwa maji, ambamo hata jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena.

Rafiki, aliyoiandika pamoja na Jenna Bass kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, inasimulia mapenzi ya wasichana wawili, Kena na Ziki, ambao baba zao ni wapinzani katika uchaguzi wa mtaani. Mwaka 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi kwa tamasha la Cannes. Bodi ilisema filamu inahamasisha usagaji kinyume cha sheria za nchi. Kahiu naye alieleza kwamba alitakiwa kuubadilisha mwisho wa hadithi, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno, akakataa. Kwangu, hapo ndipo penye kiini cha mgogoro, kwa sababu mwandishi anayeambiwa wahusika wake wajute ndipo filamu yake ionyeshwe ameshanyang'anywa kalamu, hata kama jina lake litabaki kwenye bango.

Hata hivyo, siku zile saba hazikuifikisha Rafiki kwenye Oscar, kwani kamati ya Kenya iliiteua Supa Modo ya Likarion Wainaina. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya Kahiu dhidi ya marufuku hiyo. Yeye aliendelea na kazi nje ya nchi: mwaka 2022 Netflix ilitoa Look Both Ways, filamu aliyoiongoza nchini Marekani.