Wati 50 za redio ya gari

Wengi huamini kwamba redio ya gari iliyoandikwa "50W x 4", yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne, hutoa wati 200 za muziki. Sivyo. Injini ikiwa inanguruma, umeme wa gari ni takriban volti 14. Spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4, na hesabu haikwepeki: 14 mara 14, gawanya kwa 4, unapata wati 49. Hicho ni kilele cha kupita tu, wimbi la sauti likiwa juu kabisa. Nguvu ya kudumu, bila sauti kukwaruza, ni kama wati 20 kwa kila spika, na kwa kweli zinatosha sana! Anayetaka zaidi hufunga amplifaya, kifaa cha pekee cha kukuza sauti, ambayo huipandisha kwanza volti ya gari.