RAM iliyofungwa maana yake nini?

"Kaka, nimeuziwa kanyaboya," aliniambia kijana mmoja hapa Kirumba, Mwanza, kompyuta yake ya mtumba ikiwa mezani. Muuzaji alimwambia ina RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu hufanyia kazi, ya GB 8. Yeye kaandika `free -h`, amri ya kuonyesha RAM kwenye mfumo wa Linux, akaona jumla ni 7.6Gi, na kwenye safu ya `free` (iliyo tupu) 412Mi tu. Gi hapo ni GB na Mi ni MB, zikihesabiwa kwa 1024. Hakuibiwa. Alikuwa anasoma vitu vitatu tofauti akidhani ni kimoja.

RAM iliyofungwa ni vile vipande vilivyochomekwa kwenye ubao mama. Ukifungua kasha unavishika kwa mkono. Kuvijua bila bisibisi, andika `sudo dmidecode -t memory`. Amri hiyo inataja kila nafasi na kilichomo. Kwake ilitaja vipande viwili, kila kimoja GB 4. Muuzaji alisema kweli.

Jumla inayotajwa na amri ya `free` ni jambo la pili: RAM ambayo kerneli, yaani kiini cha mfumo, imebaki nayo ya kugawia programu. Tuliandika `grep MemTotal /proc/meminfo`, ikatoka 8009484 kB, yaani ile ile 7.6Gi. GB 8 kamili ni 8388608 kB. Pengo ni kama MB 370. Zimetengwa mapema kwa ajili ya kerneli na maunzi, na mashine isiyo na kadi yake ya picha humega RAM hiyohiyo kwa ajili ya kioo.

Jambo la tatu ni safu ya `free`, nayo ndiyo inayotisha watu bure. Nenda Igombe dagaa wanapoanikwa. Chanja ikiwa tupu, jirani anaanika wake. Mwenyewe akifika na ndoo zake, jirani anaondoa. Linux inafanya vivyo hivyo: RAM isiyo na kazi inaitumia kutunza nakala za mafaili yaliyosomwa kwenye diski, ili yakihitajika tena yapatikane haraka. Programu ikidai nafasi, nakala hizo zinaondolewa. Kwa hiyo soma safu ya `available`, inayokadiria kiasi kinachoweza kupatikana. Kwa kijana wetu ilikuwa 5.1Gi. Mashine inapumua vizuri kabisa, na nilimwambia asitumie hela kuongeza kipande kingine.

Mifumo mingine ya ukoo wa Unix, ambao Linux inaufuata, ina amri zake. Solaris: `prtconf | grep Memory`. FreeBSD: `sysctl hw.physmem`. AIX: `lsattr -El sys0 -a realmem`. Mac: `sysctl hw.memsize`. Angalia kipimo kabla hujashtuka, maana AIX inajibu kwa kilobaiti, Mac na FreeBSD kwa baiti. Mac ya GB 8 itakuandikia 8589934592. Gawanya kwa 1024 mara tatu, utabaki na 8.